Maji ya Timau Yanachemka Mapema

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Baridi. Mlima umejifunika toka asubuhi. Kiende, binti yangu, pia amejifunika. Blanketi mbili na kofia ya baba yake. Nimempelekea chai, nikampelekea uji, nikampelekea viazi. Vyote vimeisha na kichwa hakijatoka nje. Sijui anafanyaje.

Mtihani wa kurudia ni tarehe kumi na nane. Fizikia na kemia ya mainjinia. Akianguka tena atarudia mwaka mzima. Jana alimwambia baba yake kwamba harudi chuo, afadhali aende kupaki maua kwa hizi kampuni za hapa Timau. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba chumvi. Mimi nilitoka nje nikajifanya nafukuza kuku.

Hiyo kazi ya maua nimeifanya. Mpaka leo baridi ikizidi vidole vinanikumbusha. Mtoto wangu hatashika waridi labda liwe la harusi yake.

Sasa nimechukua daftari lake la zamani la Jiografia, lililobaki na kurasa nyingi tupu, niandike mipango. Mimi shule niliacha darasa la tano lakini kupanga najua.

Mpango wa kwanza: simu yake ndiyo inamharibu. Nimeificha ndani ya debe la unga.

Jioni. Simu ilianza kutetemeka ndani ya unga. Baba Kiende alidhani ni panya, akalivamia debe na rungu. Jikoni kote ni kweupe kama kilele cha mlima. Simu ni nzima. Kiende alikuja mbio kuichukua, akarudi kitandani.

Lakini alitoka kitandani! Naandika hapa kwamba nilishinda.

Jumanne, 5 Agosti

Gatakaa, jirani yangu wa chini, alikuja kuomba kiberiti na akakaa mpaka chai ikaisha. Mtoto wake Thuranira anasoma uinjinia darasa moja na Kiende. Thuranira alipita kila kitu. Najua kwa sababu Gatakaa aliniambia akiingia, akaniambia akinywa, na akiwa kwa lango akageuka kuniuliza kama alikuwa ameniambia.

Kiberiti nilimpa. Njiti zilikuwa tatu.

Nikakaa nikafikiria. Kama huyo kijana ana kichwa hivyo, si atumike? Mpango wa pili: nitamwita Thuranira kula chapati. Akishiba atamfundisha Kiende. Kiende asijue kwamba ni masomo. Gatakaa asijue kabisa.

Alhamisi, 7 Agosti

Thuranira alikuja. Amelelewa vizuri, alinawa mikono bila kuambiwa. Alikula chapati akizungumza juu ya daraja atakalojenga. Alimaliza chapati na daraja lilikuwa halijavuka mto. Kiende alikuwa anaangalia ukuta.

Nikaleta githeri ya mahindi na maharagwe. Niliiweka motoni watu wakienda kazini, na bado maharagwe yalikuwa yanalia kwa meno. Niliona aibu, nikaomba msamaha. Thuranira akasema si makosa yangu. Akasema hapa Timau maji huchemka yakifika nyuzi tisini na mbili, hayafiki mia. Nikamuuliza ni kwa nini. Akasema ni kwa sababu ya baridi.

Kiende akageuka kutoka kwa ukuta.

"Baridi gani? Hewa ndiyo inakalia maji. Huku juu hewa ni nyepesi, haiyakalii vizuri, kwa hivyo yanatoroka mapema yakiwa mvuke. Ulipitaje mtihani, wewe?"

Thuranira akasema ni kitu kimoja tu. Kiende akasema si kitu kimoja. Akachovya kidole kwa mchuzi akachora mlima juu ya meza yangu, na mishale ya hewa, mirefu chini na mifupi juu. Kijana alijitetea mpaka akachoka, akasema anaitwa nyumbani. Hakuna aliyekuwa amemwita. Aliacha koti.

Kwa hivyo mpango wa pili umekufa. Mwalimu amefukuzwa na mwanafunzi.

Lakini mimi hata huo ugomvi sikuusikia vizuri. Nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi. Nilikuwa nimeelewa kila kitu!

Maji ya Timau yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Yanatoa povu, yanapiga kelele, mtu anadhani tayari, kumbe maharagwe ndani ni mabichi. Sasa mtoto aliyesomea Timau toka nasari je? Anatoa povu. Anasema mami nimeelewa. Na ndani?

Maskini mtoto wangu. Si mjinga. Hajaiva tu, na si makosa yake, ni mahali tulipomjengea.

Ijumaa, 8 Agosti

Mpango wa tatu. Siakago! Huko ni chini na ni joto. Wawira anakaa huko. Tulikata maua pamoja, halafu akarudi kwao Mbeere, sasa anauza ndengu sokoni. Nimempigia. Amesema Kiende aje hata leo.

Baba Kiende nilimweleza kila kitu, maji, povu, maharagwe, kichwa. Aliniangalia vile anavyoangalia trekta ikianza kutoa moshi. Halafu akaenda kuendesha ile inayoeleweka.

Kiende nilimweleza pia. Alisema kichwa si sufuria. Nikamwambia hata sufuria ingeulizwa ingesema hivyo.

Hapo ndipo nikamwekea mtego. Nilimwambia abebe nusu ya maharagwe yangu. Ayapike Siakago, mimi nipike haya mengine hapa, siku moja, wakati mmoja. Kama hakuna tofauti, mimi mwenyewe nitamtembeza kwa msimamizi wa maua nimwombee kazi. Kama kuna tofauti, anafanya mtihani.

Akasema tofauti itakuwepo, hilo linajulikana, lakini haihusiani na kichwa cha mtu. Nikamwambia basi aende anionyeshe. Akacheka. Mara ya kwanza tangu matokeo yatoke. Akasema kama tunafanya, tufanye jaribio la kweli, na akaniwekea sheria: sufuria za saizi moja, maji kipimo kimoja, kifuniko kisifunguliwe ovyo, na magadi yasikaribie jikoni. Alisema hiyo ya magadi akiniangalia.

Ameondoka na vitabu. Gatakaa aliuliza anaenda wapi. Nilisema kuona mgonjwa.

Jumapili, 10 Agosti

Siku ya jaribio. Kanisani sikusikia mahubiri. Tuliwasha moto pamoja kwa simu, mimi huku, Kiende kule.

Nilikuwa bado nachochea kuni Wawira aliponipigia. Ati yao yameiva. Ati ni laini, ukiyaangalia tu yanapasuka. Akaniuliza kama sisi kule Timau tunapika kwa tochi. Na akacheka ule mcheko wake.

Ningefurahi. Si ndivyo nilivyotaka? Siakago ishinde, mtoto akubali. Lakini ule mcheko! Enzi za maua Wawira alikuwa anamaliza mafungu yake kabla yangu, anakuja kusimama karibu na ndoo yangu, anacheka hivyo hivyo. Nikafunua sufuria. Maharagwe yangu yangevunja mdomo wa kuku.

Nikatia magadi. Kidogo. Nikangoja kidogo, nikaongeza. Halafu mfuko ukateleza.

Yakalainika mara moja. Nikampigia Kiende nikamwambia yetu pia yameiva, na pengine yaliiva mapema, ni vile sikuwa nimefunua. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema mimi ni mama yake. Akasema hapana, haiwezekani, lazima kuna mahali amekosea hesabu. Akakata simu.

Wawira hakucheka tena. Nilikunywa chai yangu vizuri sana.

Sasa hivi ndio nimekumbuka. Kama hakuna tofauti, nilisema nitampeleka kwa msimamizi wa maua. Ee Mungu, nimefanya nini.

Jumanne, 12 Agosti

Jana sikula. Nilingoja Kiende aniambie nimpeleke kwa maua.

Badala yake Wawira ndiye aliyepiga, kwa sauti ya chini. Ati mtoto hajatoka kwa meza tangu Jumapili. Amefungua vitabu vyote. Anachora milima, anachora sufuria, anafuta. Ndengu analishwa akiandika. Wawira aliuliza kama ni mgonjwa.

Halafu Kiende mwenyewe akapiga kuuliza. Kuni zilikuwa za mti gani. Maji ni ya mto au ya bomba. Kifuniko kilikuwa kinabana? Nilikuwa najibu kama mtu aliyeshikwa na polisi. Mwisho akaomba picha ya yale maharagwe ya Jumapili, niliyokuwa nayapasha moto. Baba Kiende akaipiga na kuituma kabla sijamkanyaga mguu.

Simu ikarudi hapo hapo. Alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

"Mami. Uliweka magadi."

Nikasema ni simu ya baba yake, inaharibu rangi. Akasema simu haifanyi mchuzi uteleze kama sabuni. Akanieleza magadi yanavyokula ngozi ya maharagwe, ndiyo sababu yanalainika hata kama maji hayana moto wa kutosha. Kwa hivyo hesabu yake ilikuwa sawa toka mwanzo! Alilisema hilo mara mbili, na sauti haikuwa ile ya kuomba chumvi.

Nikamuuliza, kwa niaba ya mtu mwingine, ladha ya magadi ikizidi huondolewa na nini. Akasema ni kitu kikali, kama limau, hivyo viwili vinamalizana nguvu, lakini nitie kidogo kid...

Nilikuwa nimeshakamua. Malimau yote yaliyokuwa kwa bakuli.

Lilitoka povu la ajabu. Lilipanda, likapita mdomo wa sufuria, likazima moto, likaanza kumfuata Baba Kiende kwa viatu vyake vya kazi. Alipiga kelele. Kiende akasikia kwa simu, akaniambia nisiguse chochote, nimweleze. Mapovu ni makubwa au madogo? Yana harufu? Nikasema hayana. Akasema vizuri sana, hiyo ni ile hewa ya ndani ya soda ya chupa, magadi yameiachilia baada ya kukutana na limau. Akaendelea. Alinifundisha sura nzima ya kemia, nimesimama mguu mmoja ndani ya povu, na hakusoma kitabuni, nilisikia hakuna karatasi inayogeuzwa.

Akimaliza nikamwambia unaona sasa, Siakago inakupika. Akapumua kwa nguvu sana. Nikamuuliza kuhusu ile kazi ya maua. Akasema kazi gani? Ana mtihani.

Baba Kiende amekula mkate.

Jumatatu, 18 Agosti

Alipiga kabla ya kuingia kwa mtihani. Sauti ilikuwa imerudi ndogo.

"Mami, nikianguka?"

Nilitaka kumwambia kitu kizuri, kile mama waliosoma huwaambia watoto. Sikukipata.

"Ukianguka, angukia huku nyumbani," nikamwambia. "Nitakuwa nimewasha moto."

Akasema sawa, akaingia.

Nilifua nguo zote. Zikiisha nikafua za Gatakaa zilizokuwa zimepeperushwa kwetu na upepo. Jioni akapiga. Kulikuwa na swali la puli, lile gurudumu la kamba ya kuvutia mizigo, lililomtoa jasho. Kulikuwa na lile la hewa na maji, akajaza karatasi mbele na nyuma. Akasema hajui. Akasema hajui, lakini ana njaa. Mtu aliyeanguka hana njaa, nilimwambia Baba Kiende. Akasema yeye huwa nayo hata akianguka. Huyu mtu hanisaidii.

Jumatano, 3 Septemba

Amepita!!

Matokeo yamemkuta hapa nyumbani. Fizikia amepita. Kemia amepita. Niliita Baba Kiende kwa simu, akaacha trekta katikati ya ngano akaja kwa miguu, na ameingia jikoni na mabua kwa nywele. Alimshika mtoto kichwa na mikono yote miwili, akarudi kazini. Nimechinja jogoo.

Tukila, Kiende akaniambia anataka nielewe jambo moja. Si Siakago. Alikuwa amekata tamaa kwa sababu alikuwa anasoma peke yake, maneno yanaingia na kutoka. Lakini Thuranira alipokosea kwa meza yetu, na mimi nilipodanganya na yale maharagwe, ilibidi amwonyeshe mtu kwamba amekosea, na kumbe ukimwonyesha mtu, wewe ndiye unaelewa. Akasema, "Ni wewe ulinifundisha, mami. Siakago hapana." Na macho yake yakawa na maji.

Nikatikisa kichwa nikasema ndiyo, ndiyo. Mtoto mwenye heshima sana. Anataka nisijisikie vibaya kwa kumzalia Timau.

Ila kuna habari. Leo asubuhi nimeona Gatakaa akimsindikiza Thuranira barabarani, na godoro. Nikamuuliza wanaenda wapi. Akasema kuona mgonjwa. Baadaye Wawira akaniambia ni kwake! Ati amemkodishia chumba cha nyuma mpaka chuo kifunguliwe. Yaani Gatakaa amejua.

Sikukasirika. Nilimrudia Kiende, na nikiwa naokota vyombo nikamuuliza, vile mtu anauliza kama kutanyesha, ni wapi hasa katika Kenya hii maji hufika mia moja kamili bila kupungua. Akasema ni baharini, Mombasa. Hata hakuinua macho kutoka kwa paja la kuku.

Tayari nimempigia binamu ya Baba Kiende aliye Likoni. Wamekubali. Anasafiri Jumamosi, bado sijamwambia. Walitaka kumpa chumba cha ghorofa ya tatu, ati kina upepo mzuri. Nimekataa kabisa. Mtoto alale chumba cha chini.