Mtathmini wa Mashine ya Dobi

Profesa hakuwahi kusimama mbele ya darasa, isipokuwa siku aliyofukuzwa shule. Jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu ya suti yake moja ya kijivu, miwani ya vioo vitupu, na kipaji cha kuzungumza dakika kumi bila kusema kitu.

Asubuhi hiyo alikuwa kwa kinyozi akisubiri zamu yake, gazeti la juzi mkononi. Nusu ya chini ya ukurasa haikuwepo, kinyozi alikwisha kuichana ya kufutia wembe. Nusu ya juu ilitangaza kwamba Baraza la Taifa la Kutathmini Athari za Teknolojia kwa Jamii limeanza kazi, na kwamba maofisa wake watapita mijini kuangalia mashine mpya na kuuliza inamfaa nani na inamuumiza nani.

Tuseme ukweli, hiyo ni kazi ya heshima. Mashine huingia kwa mlango wa mbele ikipigiwa makofi, na hakuna anayeangalia nani anatokea mlango wa nyuma na mkoba wake kwapani. Nchi iliyoweka watu wa kuuangalia mlango huo wa nyuma inastahili pongezi, nami nazitoa hapa hapa. Profesa hakuwaza hayo. Yeye aliwaza kwamba baraza hili ni jipya, na kwa hiyo hakuna mtu anayejua watu wake wanafananaje.

"Zamu yako," kinyozi alimwambia.

"Leo siwezi. Taifa linaniita."

"Taifa hilo limekosa mtu mwingine?" kinyozi aliuliza, lakini Profesa alikwisha kufika barabarani.

Kufikia saa sita mchana alikuwa na barua ndefu, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, na mhuri wa mraba aliochongewa sokoni. Pa kuanzia alipajua. Wiki nzima mtaa haukuwa na habari nyingine ila mashine mpya ya Dobi.

Duka la Dobi lilikuwa na kaunta mbele, na nyuma chumba kirefu chenye meza saba za pasi na wanawake saba. Mkubwa wao alikuwa Shangazi, dada wa marehemu baba yake Dobi. Ndiye aliyemlea, akamfundisha kukunja shati kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Juu ya meza yake palikuwa na redio iliyofunguliwa asubuhi na kuzimwa jioni.

Mashine yenyewe ilikuwa kubwa kama kabati. Iliweza kufua, kukausha na kunyoosha, na Dobi alikwisha kuwatangazia wanawake wale kwamba Jumamosi ndiyo siku yao ya mwisho. Shangazi alimsihi mara tatu. "Shangazi, hii ni biashara," Dobi alijibu mara zote tatu, akiangalia viatu vyake.

Hapo ndipo Profesa alipoingia.

"Mashine hii imetathminiwa?" aliuliza, bila hata kusalimu.

"Imelipiwa," alisema Dobi.

"Sikuuliza hilo." Akaiweka barua kwenye kaunta, akaizunguka mashine polepole, akaigonga mara mbili kwa kidole, akasikiliza kama daktari. "Hmm."

"Hmm ya nini, mheshimiwa?"

"Ya kawaida. Tathmini ya hapa dukani huchukua miezi tisa, na muda wote huo haiwashwi. Kuna njia ya mkato. Tunaipeleka maabara yetu, siku mbili, inarudi na cheti. Lakini sipendi kuwapa watu njia ya mkato."

Dobi alimbembeleza. Alimvisha kilemba cha ukoka, akamwita mkombozi wa wafanyabiashara. Profesa alikataa kidogo, akakataa tena, kisha akakubali kwa uso wa mtu anayeumia. Kesho asubuhi angekuja na gari. Hakusema kwamba ng'ambo ya mji mwenye nyumba ya wageni alikuwa akiingoja mashine hiyo, na si mtu wa maswali mengi.

"Na sisi?" Sauti ilitoka nyuma. Shangazi alikuwa mlangoni, pasi mkononi. "Sisi utatusikiliza lini, mwanangu?"

"Nyinyi, mama?"

"Redio imesema mtu wa kwanza kusikilizwa na baraza ni yule ambaye mashine inachukua kazi ya mikono yake. Anasikilizwa, yanaandikwa, mwenye mashine anatia sahihi. Au redio imesema uongo?"

Hayo yalikuwa katika ile nusu ya gazeti iliyofuta wembe. Profesa alijikaza kisabuni.

"Safi sana, mama!" alisema, akitabasamu. "Nilikuwa nawapima tu. Kikao ni kesho saa tatu."

Shangazi alimsindikiza kwa macho mpaka kona. Redio ilisema mengine pia. Ilisema maofisa hutembea wawili wawili, na mashine haiondolewi mahali pake hata kidogo. Na mwisho ilitoa namba ya simu ya baraza, ambayo Shangazi aliiandika kwa chaki ubavuni mwa meza yake. Angeweza kumwambia mtoto wa kaka yake palepale. Aliwatazama wale wenzake sita, mmoja wao mjamzito, mwingine na mama mgonjwa nyumbani, akanyamaza, akaenda kupiga simu.

Kesho yake gari la mizigo liliegeshwa nje, na Profesa akaketi kwenye meza ya pasi mbele ya wanawake saba. Alifungua kikao kwa hotuba.

"Serikali haiogopi teknolojia!" alimaliza. "Mimi binafsi siogopi teknolojia!"

"Vizuri," alisema Shangazi. "Sasa andika."

Akaandika. Angefanyaje? Shangazi alizungumza taratibu, kama mtu anayepanga nguo kabatini. Wanawake wote saba wabaki kazini. Wafundishwe kuiendesha mashine. Nguo za harusi, za hariri na za shughuli kubwa zinyooshwe kwa mkono. Msimamizi wa mashine awe Shangazi. Kila Profesa alipoinua kalamu ili apumzike, Shangazi aliuliza, "Au baraza lina maoni tofauti?" Profesa aliona lori lake dirishani na kuandika haraka zaidi.

Dobi aliisoma karatasi, akakuna kichwa. "Mheshimiwa, hii ni lazima?"

"Bila sahihi, mashine haiendi maabara," alisema Profesa, naye aliitaka sahihi ile kuliko mtu yeyote pale ndani.

Dobi akatia sahihi. Mhuri wa mraba ukagongwa. Profesa akasimama kuita wapakiaji.

"Si tuijaribu kwanza?" alisema Shangazi. "Ikiharibikia njiani, tutajuaje kwamba ilitoka hapa nzima?"

"Kweli," alidakia Dobi, aliyekuwa na hamu ya kuiona ikizunguka. "Lakini siwezi kuingiza nguo za wateja. Zikichanika?"

Macho yote yakatua kwenye suti ya kijivu ya Profesa.

"Wewe si huogopi teknolojia, mwanangu?" Shangazi aliuliza kwa upole.

Dakika tano baadaye Profesa alikuwa nyuma ya pazia, amejifunga shuka la mteja, na suti yake ilikuwa ikizunguka ndani ya mashine pamoja na barua na kitambulisho alivyovisahau mfukoni. Mlango wa mashine ulijifunga wenyewe kwa muda wa saa nzima. Nje, dereva alipiga honi, akapiga tena, akachoka, akaondoka.

Pazia likafunguka kidogo. Shangazi alikuwa ameshika joho jeusi la mahafali, la msomi fulani aliyelileta kunyooshwa miaka mitatu iliyopita na hakurudi.

"Vaa hili. Wenzako wamefika dukani. Wawili, kama redio ilivyosema."

Profesa alilipokea joho. "Kumbe ulijua?"

"Tangu jana."

"Mbona hukusema?"

"Mtoto wa kaka yangu nimemsihi mara tatu, hakunisikia. Nikaona anasikia mhuri." Akamtia tiketi ya dobi kiganjani. "Mlango wa nyuma ule pale. Asante kwa kazi nzuri, mwanangu."

Mbele, maofisa wawili halisi, mama mmoja mwenye mkoba na kijana mwembamba, waliisoma karatasi mpaka mwisho.

"Ndiyo hasa ambayo tungependekeza," alisema yule mama. "Lakini mhuri wetu ni wa duara. Huu umetoka wapi?"

Dobi aliangalia mhuri, akaangalia mahali lori lilipokuwa, akaelewa jinsi mashine yake ilivyobakiza kidogo kuibiwa. Akakaa.

"Mhuri ni wa uongo," alisema Shangazi. "Na sahihi?"

Dobi alimtazama usoni kwa mara ya kwanza wiki ile. "Sahihi ni yangu, Shangazi."

"Basi Jumatatu tunaanza mafunzo," Shangazi alisema, na chumba cha nyuma kikalipuka kwa vigelegele.

Vigelegele hivyo vilimfikia Profesa akiwa mtaa wa pili, peku, joho likipepea. "Hongera, daktari!" wauza matunda walimpigia kelele. Mzee mmoja asiyemjua alimshika mkono kwa machozi, akamwambia wazazi wake lazima wanajivunia. Kinyozi alitoka mlangoni na wembe mkononi, akamtazama kuanzia utosini mpaka nyayoni.

"Taifa limekuacha lini?"

Profesa alisimama kivulini, akaifungua tiketi. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono ulionyooka vizuri sana: *Suti moja ya kijivu. Itakuwa tayari leo alasiri, imenyooshwa kwa mkono. Atakabidhiwa mwenyewe, aje na kitambulisho.*