Hatari Iliyogusa Mwisho

Shirika la Bima ya Nyumba lilitangaza kwa furaha kubwa kwamba, kuanzia msimu ule wa mvua, hakuna nyumba itakayoruhusiwa kubomoka bila utaratibu. Kila hatari ilipewa ada yake ya mwaka. Kila hatari ilipewa pia mzigo wake, yaani ile sehemu ya hasara ambayo mwenye nyumba hujibebea mwenyewe kabla Shirika halijatia mkono mfukoni.

Mpango huo ulibuniwa na Mkaguzi Mkuu, ambaye wenzake ofisini walimwita Bwana Jedwali, na yeye hakuchukia. Moto ulikuwa na ada kubwa na mzigo mdogo, kwa sababu moto hauna ubishi. Upepo ulikuwa na ada ndogo na mzigo mkubwa. Upepo ni wa wote, kwa nini Shirika liubebe peke yake? Maji ya kutoka juu yalikuwa nafuu. Maji ya kutoka chini mzigo wake ulikaribia bei ya nyumba yenyewe, maana hayo huja polepole, na mtu mwenye akili angekuwa ameshahama. Mwisho kabisa, ili bango la kutangaza mpango lipendeze, iliongezwa Hatari ya Mtu. Hiyo haikuwa na mzigo hata kidogo. Nani aliwahi kusikia mtu akiangusha nyumba?

Hatari zikigongana, kanuni ilikuwa moja: inahesabiwa iliyogusa mwisho.

Akiwa na kanuni hiyo kichwani, Bwana Jedwali aliingia kwa mshona nguo ambaye ukuta wake wa nyuma ulikuwa umepasuka kutoka dirishani hadi sakafuni. Chumba kilinuka matope. Cherehani ilikuwa juu ya meza, meza juu ya matofali, na gauni la bibi harusi lilining'inia kwenye msumari wa mlango, mahali pekee palipokuwa pakavu.

"Karibu, baba. Kaa... hapana, usikae, kiti kimelowa."

"Mama, maji yalitoka juu au chini?"

"Kote. Upepo ulifungua dirisha, mvua ikaingia, halafu mtaro ukafurika ukaja kuungana nayo."

"Basi yaliyogusa mwisho ni ya chini," alisema kwa upole wa daktari. "Pole sana. Mzigo wako umezidi hasara yako. Hulipwi kitu."

"Na ada yote niliyolipa?"

"Shirika linakushukuru."

"Ukuta huu ukienda, nitashonea wapi? Mimi na mama yangu tunakula kwa cherehani hii."

"Hauendi popote. Huo ufa ni wa rangi tu." Akabana mkoba kwapani, akauegemea ukuta kwa bega.

"Usiegemee hapo, baba."

"Mimi naegemea kitaalamu, mama."

Ukuta ulikwenda taratibu, bila fujo, ukaondoka naye. Kinyozi wa jirani alitoka na mkasi mkononi, akamkuta Bwana Jedwali amelala chali mtaroni, mzima wa mwili, suti imeiva matope.

"Jamani," kinyozi akauliza, "nani kagusa mwisho?"

"Huyo hapo," akajibu mshona nguo.

"Basi hiyo ni Hatari ya Mtu. Bango lenu ninalo dukani, mkubwa. Haina mzigo."

Palepale mtaroni, Bwana Jedwali aliitafuta kasoro katika kanuni yake. Hakuiona. Ilikuwa kanuni nzuri mno.

Shirika likalipa ukuta wote. Habari zikasambaa, na mtaa mzima ukaanza kuwakaribisha wakaguzi kwa bashasha na kuwawekea viti karibu na nyufa. Ndipo Mkurugenzi wa Shirika alipofika mwenyewe kwa mshona nguo, na mpiga picha nyuma yake.

"Mama, useme neno moja tu mbele ya umma," alibembeleza. "Useme unaomba radhi kwamba ukuta wako ulimwangukia ofisa wetu."

Mshona nguo alikata uzi kwa meno.

"Haukumwangukia. Yeye ndiye aliyeuangukia."

"Hata hivyo, mama, kwa ajili ya amani..."

"Ukichoka kusimama egemea, baba, huu mpya nao una bima. Radhi siombi."