Damu Niliyoitayarisha kwa Kipimo

Wenzangu, leo nimejiaibisha mbele ya daktari na mbele ya mke wangu, mara moja kwa wote wawili.

Mnalijua tumbo langu. Miaka minne sasa linafura na kunikimbiza chooni. Daktari akasema huenda ni siliaki, ugonjwa ambao mwili unapigana na ngano, akaniandikia kipimo cha damu. Nikaogopa sindano, nikakaa miezi miwili bila kwenda.

Lakini sikukaa bure. Niliacha mkate, mandazi na chapati, ili damu iende ikiwa safi, kama unavyofagia nyumba kabla ya wageni. (Darasa la saba nilianguka. Huu mtihani sikutaka kuanguka.) Njeri, mke wangu, akawa ananichemshia nduma badala ya chapati kila jioni.

"Baba Kevo, umwambie daktari umeacha ngano," alisema.

Sikumwambia.

Juzi nikajikaza, nikatolewa damu kwenye maabara karibu na River Road, na leo asubuhi nikachukua majibu. Namba yangu ilikuwa chini kabisa ya mpaka ulioandikwa kando yake. Nikaisoma mara tatu kwa kidole. Nikampigia Njeri, yuko nyumbani Uthiru.

"Sina ugonjwa. Hiyo nduma yako ilikuwa kazi bure, na hizo habari za ngano ni uvumi wenu akina mama wa kanisa."

Akajibu, "Sawa."

(Sawa ya Njeri huwa si sawa. Nilijua, nikakata simu.)

Nikaingia hotelini, nikala chapati tatu kwa maharagwe. Nisimsingizie mpishi, zilikuwa nzuri.

Saa nane nikamkuta Njeri kliniki. Alikuja kujisikilizia mwenyewe. Nikamwekea daktari karatasi mezani.

"Nimepita, daktari."

"Ngano unakula kila siku?"

"Miezi miwili sijagusa." (Chapati za mchana sikuzihesabu.)

Akaweka kalamu chini. "Nani alikwambia uache?"

"Ni mimi tu."

"Mzee, tunapima silaha ambazo mwili unatengeneza kupigana na ngano. Umemwondoa adui, silaha zitatoka wapi? Hii karatasi haisemi unao ugonjwa, wala haisemi huna. Utakula ngano kila siku, majuma sita hivi, tupime tena. Na hiyo miezi miwili tumbo lilikuwaje?"

Nikaanza kuikunja karatasi yangu.

"Lilitulia, daktari," Njeri akajibu. "Hata alianza kulala mpaka asubuhi."

Hapo ndipo chapati tatu zikaamka. Zilinguruma hadi daktari akainua macho. Nikakimbilia choo, kimefungwa. Ufunguo uko kwa nesi, na nesi yuko mbele ya foleni yote. Nikapita katikati ya wagonjwa nimejishika tumbo, mama mmoja akamvuta mtoto wake kando.

Nilipotoka, Njeri alikuwa amesimama na koti langu mkononi. Nikamwambia, "Mama Kevo, nimekukosea."

Akanivalisha koti.

"Kula ngano yako majuma sita," akasema. "Majibu yangu utayapata siku moja na ya maabara."

Basi mkikutana nami njiani, nawasihi, msiniulize kama nimepita.