Chupa Thelathini na Moja za Ushahidi

Jumatatu, 4 Mei

Siku ya kumi na tisa nyumbani kwa mdogo wangu. Afya, nzuri. Heshima, hafifu.

Baada ya chai ya asubuhi mdogo wangu alikohoa mara mbili. Akikohoa mara mbili ana jambo. Akasema dada yetu mkubwa amepiga simu tena, ana chumba kitupu, angependa nikaishi naye. Akasema yeye na mkewe watalizungumza na Jumapili watanipa jibu. Akasema hakuna anayenifukuza. Mtu akikuambia hakuna anayekufukuza, tafuta ufunguo wa sanduku lako.

Dada mkubwa anafuga bata mzinga arobaini. Wanaanza kelele kabla hata jogoo wa jirani hajafumbua jicho. Wakinyamaza wao, anakoroma yeye. Siendi!

Sababu naijua. Chumba cha nyuma nalala na binti yao, aliye mwaka wa mwisho wa sekondari, na wanaona namsumbua. Mimi? Yeye ndiye anayekariri kemia usingizini. Na akikosea namrekebisha.

Mpango: nyumba hii ijue haiwezi kuishi bila mimi. Pa kuanzia ni jikoni.

Wifi yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Anapika chakula kitamu (hili libaki humu humu). Lakini anapika kama mtu anayewahi kengele. Ubao mmoja wa kukatia, kuku na vitunguu humo humo. Kitambaa kimoja, mikono na sahani humo humo. Nyama mbichi rafu ya juu ya friji, inadondokea maziwa! Mimi nimesimamia jiko la hospitali miaka ishirini na sita, vitanda mia tatu, na hakuna mgonjwa aliyeumwa tumbo kwa chakula changu. Walioumwa walikuja nalo kutoka kwao.

Hospitalini tulikuwa na utaratibu. Kila chakula kinachotoka jikoni, vijiko viwili vinaingia kwenye chupa safi, inaandikwa siku na saa, inakaa kwenye friji siku tatu. Watu wakiugua, unafungua chupa. Unajua ni chakula gani na ni mkono wa nani. Wenzangu walipostaafu waliondoka na saa za ukutani. Mimi niliomba chupa. Nina katoni mbili chini ya kitanda.

Nimeanza na chakula cha jioni. Chupa tano. Nimefungua na daftari. Wifi atanaswa kabla ya Jumapili, na hapo tutaona nani anahitaji nani.

Jumanne, 5 Mei

Wifi aliosha kuku mbichi chini ya bomba. Maji yanaruka mpaka kwenye vikombe! Kuku haoshwi hivyo, uchafu wake unaishia motoni, si bombani. Nilifungua mwavuli nikakinga vyombo.

Wifi aliniangalia. Akauliza kama mvua imeanza kunyesha jikoni au ni mimi tu ninayelowa. Binti akacheka mpaka akakaa sakafuni. Mdogo wangu alipita na bisibisi yake, akauona mwavuli, akageuka akarudi alikotoka.

Mchana wifi akaziona chupa. Akauliza ni nini. Nikasema ni dawa zangu. Akainua moja kwenye mwanga, akasema hajawahi kuona dawa yenye viazi. Nikasema tiba imepiga hatua.

Pigo jingine: chupa namba tisa imerudi tupu. Binti amekiri. Alidhani ni mabaki, akaona ni matamu. Nimemweleza kwamba amekula ushahidi. Akasema ushahidi ulihitaji chumvi.

Chupa kumi na tisa. Naziandika vizuri: siku, saa, dakika, mpishi. Rafu ya kati imejaa, nimeanza ya chini. Mdogo wangu ni fundi wa mafriji, lakini ya kwake ni ndogo, ya zamani, yenye mlango mzito kama mlango wa benki. Veranda ya nyuma imejaa friji za wateja, zimeshatengenezwa, zinasubiri wenyewe. Za watu zinang'aa. Ya nyumbani inanguruma.

Jumatano, 6 Mei

Siku njema sana.

Kesho wifi ana kikao cha walimu, hatapata nafasi ya kupika. Kwa hiyo jioni hii amepika mara mbili, wali na mchuzi wa kuku, ili kesho kila mtu abebe chakula chake cha mchana. Wali wa kulala! Mikono ilinisisimka. Hospitalini wali wa kulala tuliuogopa kuliko bosi. Ukipoa taratibu umekwisha, na kuupasha moto hakukuokoi.

Lazima niseme ukweli, aliupoza haraka. Aliutandaza kwenye sinia, ukapoa, akaurudisha kwenye sufuria, akauingiza kwenye friji. Sikumfundisha mimi. Iliniudhi kidogo.

Kisha nikaingiza za kwangu. Chupa namba thelathini, mchuzi. Namba thelathini na moja, wali. Hii ya mwisho ilibidi niisukume mbele kabisa, kando ya maziwa.

Saa mbili na dakika tano usiku nikaona jambo. Mlango wa friji haufungiki. Umebaki wazi upana wa kidole. Ni sufuria lile kubwa la wifi, bila shaka. Nilinyoosha mkono niusukume. Nikaurudisha. Ushahidi hauguswi. Nimeandika kwenye daftari kila kitu kama kilivyo.

Jumapili daftari hili litasema lenyewe.

Alhamisi, 7 Mei

Saa tisa na dakika kumi alasiri: binti amerudi kutoka shule, uso umekuwa wa kijani.

Saa tisa na nusu: wifi, ameletwa na mwalimu mkuu mwenyewe, ameshika ndoo ya kufutia ubao.

Saa kumi kasoro kumi: mdogo wangu, amelala nyuma ya pikapu kando ya friji ya mteja. Friji imesimama wima. Yeye hapana.

Wote watatu walikula wali na mchuzi. Mimi mchana nilikula yai langu la kuchemsha la dakika kumi na niko buheri wa afya. Ushindi!

Choo ni kimoja. Walipanga foleni kwa heshima mwanzoni, baadaye bila heshima. Niliona ni wakati mwafaka. Nikaleta chupa zote kwenye sinia, nikasimama mlangoni pa choo, nikatangaza kwamba sasa tutamjua mhusika kwa njia ya kitaalamu. Wifi, ameegemea ukuta, aliomba nimsogezee beseni. Nikamsogezea, nikaendelea.

Nikafungua namba thelathini na moja. Wali. Pua yangu ilirudi nyuma. Umeharibika! Nikamtazama wifi. Namba thelathini, mchuzi. Umeharibika! Nikamtazama tena. Nikafungua kabichi ya Jumanne, kwa kulinganisha. Imeharibika. Maharage. Yameharibika. Nikafungua namba ishirini, uji wangu mwenyewe wa asubuhi ya jana, uliopikwa kwa mikono hii.

Umeharibika.

Nilisimama na kijiko. Kisha nikaelewa. Kama vyote vimeharibika, tatizo si mpishi, ni friji. Na katika nyumba hii fundi wa mafriji ni nani? Nikamwambia mdogo wangu kupitia mlango wa choo kwamba uchunguzi umemfikia yeye. Alijibu kwa neno moja. Sikuliandika.

Ijumaa, 8 Mei

Hakuna muda wa kuandika. Wagonjwa watatu.

Maji yaliyochemka na kupoa, lita moja. Sukari, vijiko sita vya chai. Chumvi, nusu kijiko. Funda dogo dogo, kila baada ya dakika tano. Binti alitaka kubugia. Nikamnyang'anya kikombe.

Mchana uji wa mchele. Mchele, maji, chumvi, moto mdogo, mwiko hautulii. Wifi alimaliza kikombe, akauliza nimetia nini. Nikasema hakuna. Akasema haiwezekani. Nikampa cha pili.

Nimeosha mabeseni, nimefua shuka, nimechemsha vijiko, na chupa nilizosafisha nimezirudisha mahali pake kwenye friji. Miguu inauma. Hakuna aliyenibishia kutwa nzima. Sijawahi kuwa na siku nzuri hivi tangu nistaafu.

Jumamosi, 9 Mei

Mdogo wangu amesimama. Amekonda, shati linamning'inia. Kitu cha kwanza, kipimajoto ndani ya friji. Digrii kumi na saba. Akasema kwa joto hilo hata yeye angechacha. Inatakiwa nne.

Nikamwambia nilijua, friji mbovu. Alitoa vyote, akarudisha sufuria la wifi na chupa zangu tupu kama ilivyokuwa Jumatano, kwa kufuata daftari langu. Akafunga mlango. Ukabaki wazi upana wa kidole. Akatoa sufuria la wifi. Mlango ukabaki wazi. Akarudisha sufuria, akatoa chupa namba thelathini na moja.

Tap. Ukafungwa.

Akarudisha chupa. Wazi. Akatoa. Tap. Akafanya hivyo mara tatu, kama anavyowafanyia wateja wabishi. Kisha akasema: “Dada, friji haina ugonjwa. Ulikuwa umeizuia kufunga mdomo.”

Wifi alinyoosha mkono akaomba daftari. Akalisoma kwa ile sauti ya darasani, inayofika dawati la nyuma: “Jumatano, saa mbili na dakika tano. Mlango haufungiki, uko wazi upana wa kidole. Chanzo, sufuria la wifi. Hatua iliyochukuliwa, hakuna, ili ushahidi usiharibike.”

Akasoma tena mstari wa mwisho, polepole. Binti akasema, “Shangazi!” Akasema hivyo tu, na mimi nikatazama miguu yangu. Uliona, wifi akasema. Uliona, ukatuacha tule.

Nikasema sikujua kama ingefika huko. Wifi akasema miaka ishirini na sita ilijua.

Alitoa kalamu yake nyekundu. Mwandiko: tisa kwa kumi. Usafi wa daftari: kumi kwa kumi. Akili: sifuri. Akasahihisha na mkato mmoja niliousahau.

Nimefunga sanduku. Bata mzinga arobaini. Nimejaribu kuzoea kwa kuwaza kelele zao. Hazizoeleki.

Jumapili, 10 Mei

Tulikaa mezani saa nne asubuhi. Sanduku langu liko mlangoni. Nilikuwa nimevaa viatu.

Mdogo wangu alikohoa mara mbili, lakini aliyesema ni wifi. Akasema ana hasira na atakuwa nayo mpaka mwezi ujao, nisishangae. Akasema Ijumaa hakuweza kusimama, na kuna mtu alimshikia beseni kutwa, akamfulia shuka, na kwa saa kumi na nne hakutaja ubao wa kukatia hata mara moja. Akasema hakujua kama ninaweza.

Binti akasema niende nikitaka, lakini mtihani unaanza wiki ijayo, na asiponisikia nikimrekebisha usiku hajui kama amekariri sawa. Mdogo wangu akasema yeye anataka tu uji ule.

Masharti ni haya. Nabaki. Kifungua kinywa ni changu kila siku, uji, mayai, chai, na asubuhi jikoni hakuna wa kunigusa. Kuanzia mchana ni pa wifi. Hakuna daftari. Hakuna chupa kwenye friji. Kisha wifi akatoa mfuko chini ya meza: ubao mpya wa kukatia, wa njano, kwa ajili ya kuku tu. Akasema nisiseme kitu. Nikavua viatu.

Nimeahidi yote mbele yao, na nilikuwa namaanisha.

Lakini lazima mtu aseme ukweli, walau humu. Utaratibu wa hospitali umefanya kazi. Watu waliugua Alhamisi, Jumamosi mhusika akajulikana. Siku mbili! Hospitalini tulikuwa tunachukua wiki. Njia ni nzuri. Kilichopungua ni nafasi.

Daftari amelichukua wifi. Hili ninaloandikia ni shajara, si daftari.

Na kwenye veranda ya nyuma kuna friji ndogo ya mteja aliyesafiri mpaka mwisho wa mwezi. Imetengenezwa, iko safi, waya wake unafika dirishani. Tuliahidiana kuhusu friji, na mezani ilikuwa inazungumzwa ile ya jikoni. Nimeiwasha saa nane. Chupa namba moja: uji wangu. Namba mbili: viazi vya wifi. Mpaka saa moja jioni, chupa kumi na mbili. Zimeingia zote, ila mlango umebaki wazi kidogo, upana wa kidole.

Nimeandika. Kosa la fundi.