Fukusi wa Mkebe wa Pili

Jumatatu, 3 Machi
Kongamano la sayansi ni Ijumaa. Mradi mmoja tu wa baiolojia utatoka hapa Meru kwenda mashindano ya Embu. Mmoja! Kajuju wa darasa letu amehesabu fukusi wa mahindi siku arobaini, kila asubuhi, kama mtu asiye na kazi nyingine. Mimi nimeanza leo. Mikebe miwili ya mahindi. Wa kwanza una pilipili ya unga, dawa yangu. Wa pili hauna kitu. Wa pili ukiliwa na wa kwanza usiliwe, naenda Embu. Siku nne zinamtosha fukusi mwenye bidii.

Jumanne, 4 Machi
Fukusi wa mkebe wa pili hawapo kabisa. Nikaenda soko la Gakoromone kununua mahindi yaliyobunguliwa. Kosa kubwa! Nilimuuliza mama mmoja muuzaji, kwa heshima zote, kama mahindi yake yana wadudu. Akauliza nimetumwa na nani. Jirani yake akaita wenzake. Nilitoka sokoni mbio. Mwishowe nikachota fukusi sitini ghalani kwa nyanyangu Kiende, nikawagawa kwenye mikebe yote miwili. Alipojua, alisema ghala lake halijawahi kuwa na fukusi, na hao nimekuja nao.

Alhamisi, 6 Machi
Wanatafuna! Nimeuacha mkebe wa pili wazi jikoni wapate hewa. Nimejifungia chumbani kuandika matokeo ya siku arobaini kwa kalamu tano tofauti. Kurasa mbili nimezimwagia chai zionekane za zamani. Najivunia sana.

Ijumaa, 7 Machi
Maafa. Nilifungua mikebe mezani kwangu ukumbini. Wa pili safi kabisa! Wa pilipili una fukusi watatu wanene. Nikampigia Mama kwa simu ya mwalimu. Kumbe jana pasta alitutembelea, na Mama akaona aibu. Akayachekecha mahindi, akayachambua, akayapaka jivu la kuzuia fukusi. "Sasa pasta aone hizo wadudu aseme nini?" aliniuliza. Alidhani ameniokoa.

Jaji, Bi. Njuki, alikuwa meza ya pili kutoka kwangu. Nikabadilisha lebo upesi. Akauinua mkebe ulioandikwa "Hauna Kitu", akanusa, akapiga chafya saba. Nilizihesabu. Ndiyo data pekee ya kweli niliyokuwa nayo. Kisha akatazama ule mwingine, akasugua punje kidoleni, akauliza nani amepaka jivu vizuri hivyo. Nikamwambia ni Mama.

Jumamosi, 8 Machi
Kajuju ameshinda. Bi. Njuki amemshauri aongeze jivu kwenye utafiti wake na aende Embu na mtaalamu wa jivu. Yaani Mama. Mama yangu mzazi! Ametengewa kiti cha mbele kwenye basi la shule, na tayari anapiga pasi rinda la kanisani. Mimi nabaki kulisha mbuzi. Imeniuma, sifichi.

Lakini sijalala. Nawaandikia majaji malalamiko. Hoja yangu ni moja: Mama ni ugunduzi wangu. Nimemchunguza miaka kumi na sita mfululizo. Matokeo ya miaka yote hiyo nitakuwa nimemaliza kuyatunga kesho jioni.