Rufaa ya Bunduki ya Babu

Ko, ko, ko. Bakora ya Babu sakafuni. Sijafumbua macho bado, nikajua siku yenyewe imefika. Na leo, jamani, nimeadhirika.

Ndugu yangu anaoa Ijumaa. Kwenye razha, ile ngoma ya Kiarabu ya wanaume ambapo bunduki hurushwa juu na kudakwa, nilitaka kushika bunduki ya Babu. Babu kaniahidi: nikipata kibali cha polisi cha kuimiliki ni yangu, nikikosa anapewa binamu yangu Khalfan (mwenye kibali tayari, ila hajawahi hata kuipangusa vumbi). Nikanyimwa. Uchunguzi ulionesha kuwa mtu mwenye majina yangu yote matatu aliwahi kukamatwa akipigana mtaa wa Hamriya. Mimi, ninayemwomba radhi paka nikimpita!

Sheria inaniruhusu kukata rufaa. Nikakata, na nikaandaa hotuba (mwandishi wa riwaya, mnanijua).

Leo tukaingia kwa ofisa wa rufaa, mimi na Babu. Nikaanza na mwezi unavyochomoza juu ya milima. Ofisa, ambaye mama yake ni wa Unguja, akanikatiza kwa Kiswahili safi: alama za vidole zimethibitisha kuwa mpiganaji yule si mimi. Rufaa imekubaliwa. (Mwezi wangu ukazama hapo hapo.)

Mwenye akili angeshukuru akanyamaza.

Huku akitafuta muhuri, ofisa akauliza, mazungumzo tu, kama najua kuirusha bunduki. Nikaichukua bakora ya Babu.

"Kaa kitako, mjukuu wangu," Babu akasema.

Sikukaa. Nikairusha. Ikazunguka hewani kwa madaha, ikapanda, ikazidi kupanda, ikakutana na feni.

Feni ikairudisha kwa hasira. Ikapiga birika la kahawa, na kahawa yote ikamwagikia kanzu nyeupe ya ofisa.

Ofisa akajipangusa, akapiga muhuri. Akasema sheria inahusu bunduki, haijataja bakora. Nikashusha pumzi.

Babu akainama, akaokota bakora yake.

"Kibali unacho. Bunduki huna. Nnampa Khalfan."

"Babu, nina haki ya kukata rufaa."

"Kwa nani?"

"Kwako."

"Nshaikataa."

Ofisa akacheka mpaka akashika meza (nyinyi, tafadhali, msimwige). Babu hakucheka. Alitoka huku nikiianza hotuba yangu upya, na mlango ukajifunga nyuma yake kabla sijafika hata kwenye mwezi.