Propela Yenye Nafasi ya Kukua

Jumatatu, 3 Juni
Kaka kapita asubuhi kunitangazia uamuzi wake, bila kukaa. Gari la marehemu baba limejaza uwanja wangu na halisogei. Jumamosi analeta lori la wanunua vyuma chakavu. Nikamwambia siku hiyo litatoka getini lenyewe, likinguruma. Akasema likitoka, hana neno tena. Mtu mzuri sana kaka yangu, hasa akiwa anaondoka.

Baba alinifundishia udereva humo, akinifokea njia nzima. Haliendi kwenye chakavu.

Ekseli ya nyuma iliyovunjika fundi keshaitoa, kafunga ya pikapu iliyokufa. Imekaa vizuri. Shida ni propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu nyuma kutoka giaboksi. Ekseli mpya ina pua ndefu, propela ya zamani imezidi. Lazima ikatwe. Fundi kasema nisiguse kitu, Alhamisi atakuja kupima mwenyewe.

Jumanne, 4 Juni
Alhamisi mbali. Mimi ni mshonaji, napima watu kutwa, tena wasiotulia. Gari limetulia. Nikaingia uvunguni na tepu ya kushonea. Mtoto akanishikia ncha ya pili, yaani aliitafuna. Wifi kaja kuazima pasi, kaona miguu tu, kauliza nimekufa lini. Nikamwambia pasi iko mezani na akirudisha isiwe na masizi.

Juu ya kipimo nikaongeza vidole viwili. Nguo ukiipunja hairefuki, ikizidi unapunguza. Sioni chuma kina tofauti gani.

Jumatano, 5 Juni
Mkereza vyuma kakata, kachomelea, kaizungusha mpaka karidhika kwamba haichezi. Aliuliza kama kipimo ni cha fundi. Nikasema ndiyo, cha fundi. Hakuuliza fundi wa nini.

Alhamisi, 6 Juni
Haiingii. Fundi kasukuma, kavuta, kalala chali kaisemesha kwa upole, haiingii. Akauliza nani kapima. Nikasema tepu. Akauliza hivi vidole viwili vya nini. Nikasema nafasi ya kukua.

Alitoka uvunguni, akakaa juu ya tairi. Akasema ameanza kazi hii hajaoa, na hajawahi kuona gari likiongezeka kimo. Nikashauri basi asogeze ekseli nyuma kidogo. Akasema labda nisogeze nyumba. Wanaume wa kazi hii wana hasira za bure.

Ijumaa, 7 Juni
Karakana ya mkereza imefungwa, kaenda ukweni mpaka Jumatatu. Sijakata tamaa. Uwanja wetu una mteremko hadi getini. Injini inawaka, inanguruma, inatoa moshi wa kutosha kumficha mtu mzima. Mume wangu ni mtu mzima. Aliniuliza kama wazo hili nimelifikiria nikiwa nimelala. Nikamwambia silali, nina mtoto.

Jumamosi, 8 Juni
Kaka kaja na lori, wifi kaja na kiti. Nikawasha, nikakanyaga mafuta, moshi ukajaa. Nyuma mume akasukuma. Gari likatoka getini kwa adabu zote. Kaka akashangaa. Hata wifi alinipongeza, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Tatizo ni kwamba mteremko hauishii getini. Nikakanyaga breki, nikasimama mbele kabisa ya lori la chakavu. Dereva wake akanishukuru kwa kumsogezea mzigo. Kaka akaniambia basi nirudishe nyuma. Nikasema linapumzika. Hapo moshi ukatawanyika, mume wangu akaonekana, mweusi mpaka meno.

Nilifunga milango nikabaki ndani. Walipoanza kutafuta mnyororo, nikafungua kioo nikamwambia kaka kwamba wakilivuta wanavuta na mimi, na kwa mama ataeleza yeye. Aligeuza uso. Akamwambia dereva aende, nikamwona anafuta macho, nadhani ni moshi. Kanipa mpaka Jumanne.

Jumanne, 11 Juni
Fundi alipima mwenyewe, magurudumu yakiwa chini. Mkereza kakata. Imeingia kwa mkono mmoja. Nimezunguka mtaa mzima, kaka kakaa kiti cha mbele akinifokea njia nzima.

Fundi kasema nisitoke tena kabla hajarudi kesho kukaza nati za propela. Lakini nimeshamwahidi wifi kumpeleka sokoni saa hizi. Naandika tukiwa kwenye foleni; ikisogea, kuna kitu kinagonga chini. Nimeongeza sauti ya redio, hakigongi tena.